Wenye Baba na Mama

Wenye baba na mama walio hai walianza kutoka. Ndiyo desturi ya sinagogi ile Siku ya Upatanisho: sala ya kuwakumbuka marehemu ikikaribia, wasiofiwa na mzazi huwapisha wenzao. Vijana walitoka wakipiga miayo ya mfungo.

Kwamboka hutoka nao kila mwaka. Yeye ni Msabato wa Kisii aliyeajiriwa kumtunza bibi mmoja Myahudi wa kiti cha magurudumu, lakini bibi alimwonya mapema: "Wewe wazazi wako wote wapo. Usikae humu, utawaletea mkosi." Basi husubiri koridoni, penye makoti.

Leo alikuwa bado amesimama nyuma ya bibi, akiutazama mpira wa mpini wa kiti. Ulikuwa umebanduka pale kidole gumba kinapokaa. Aliubonyeza kwa ukucha, ukatulia. Alipoachia, ukabanduka tena.

Alfajiri kaka yake alikuwa amempigia simu kutoka nyumbani Kisii. "Mama hakuamka," alisema. Kwamboka alijibu, "Sawa," akapiga pasi sare yake, akaendesha gari kutoka mtaani kwake Richfield hadi kwa bibi, akampikia uji kisha akakumbuka kwamba leo bibi amefunga. Hakuwa amemwambia mtu.

"Kwamboka, nenda," bibi alinong'ona. "Wanakungoja wewe tu."

Kweli, mzee wa mlangoni alikuwa ameuzuia mlango kwa mguu, akimtazama.

Kwamboka alikanyaga breki ya kiti, akaketi kando ya bibi.

"Funga," alimwambia mzee.