Mkono wa Kitasa cha Choo

Mkono wa kitasa cha choo ulitoweka Jumanne, na tangu siku hiyo kila aliyeingia humo alilazimika kuimba, ili asije akafunguliwa mlango katikati ya shughuli.

Mwizi wala hakujificha. Alikuwa sebuleni, baiskeli imelala juu ya meza ya chakula, akiutoboa mkono huo kwa drili. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na kwa miezi miwili alikuwa ametafuta alumini yenye mpindo wa namna hiyo, atengenezee breki. Kumbe ilikuwa chooni muda wote.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya titani, haina kiti, na haikuumbwa iwe nacho. Ni ya mchezo wa kurukia magogo, mapipa na mawe huku umesimama juu ya pedali. Ukikanyaga chini, kosa. Mwenye makosa machache ndiye bingwa. Fremu aliinunua kwa kuuza friji. Vingine vyote alijitengenezea, na kadiri baiskeli ilivyokamilika ndivyo nyumba ilivyopungua. Pedali zilipata meno kutoka kwenye skurubu za kabati. Vishikio vilitoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Kinga ya mnyororo, ile inayopokea vipigo vya magogo, aliikata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga, wa kijani, wenye duara jeusi pale alipowahi kutua sufuria ya moto. Aliupasua katikati ya duara, akachukua nusu moja. Alijiona muungwana.

Mke wake aliingia kutoka kazini. Alikuwa mpaka rangi wa maghorofa, mtu wa kushinda juu ya ubao mwembamba, ndoo mkononi.

"Mume wangu, ile nusu nyingine ya ubao umeipeleka wapi?"

"Mimi nilichukua moja tu. Haki ya Mungu."

"Basi imeota miguu. Vitunguu nakatia kwenye sahani siku hizi." Akainama, akautazama mkono wa kitasa. "Na hiki umekitoboa mpaka kimekuwa chujio. Kitakatika."

"Uzito ndio adui, mke wangu. Kimya hunizidi kwa kosa moja tu."

Kimya ndiye aliyemnyima raha. Alimshinda miaka mitatu mfululizo, tena kwa baiskeli ya chuma iliyochoka, kisha akaondoka bila kuvua helmeti wala kutamka neno. Ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Wengine walisema ni askari anayetoroka zamu, wengine walisema ana sura mbaya. Fundi alimchukia kwa moyo mkunjufu kabisa.

"Na akikushinda tena?" mke aliuliza.

"Akinishinda tena, nauza baiskeli. Naapa kwa mama yangu mzazi."

Mke aliacha kusugua rangi viganjani. "Hebu rudia."

"Nauza! Lakini hanishindi. Njoo Jumamosi ujionee, hata siku moja tu."

"Jumamosi? Na shangazi nimwachie nani?"

Shangazi yake mke alikuwa mgonjwa mwaka wa nne sasa, hafi wala haponi, na maradhi yake yalipamba moto kila Jumamosi. Mke alirudi kutoka huko hoi, mabega yanamuuma, maana shangazi alikuwa mzito kumgeuza kitandani. Fundi alimwonea huruma kweli, na kila mara alimkanda mpaka alale.

"Haya, kauguze," alisema.

"Nawe ukishindwa, usihangaike na matangazo. Mnunuzi nitakutafutia mimi." Akaenda chooni, akaimba.

Jumamosi, nyuma ya karakana ya mbao, walibaki wawili. Kimya alimaliza mzunguko wake kwa makosa mawili. Fundi alifika kwenye pipa la mwisho akiwa na mawili pia, na muda aliotumia ulikuwa mfupi zaidi. Baiskeli ilikuwa nyepesi ajabu. Aliiinua, ikaruka, ikatua juu ya pipa kwa gurudumu la nyuma, naye akawa anaona kikombe cha ubingwa kabatini na friji ikirudi kutoka kwa jirani aliyeinunua. Akabana breki.

Kitasa kilikatika kwenye tundu la tatu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye guu lilibaki zima, ila lilitua chini, na hilo moja lilitosha. Watu walishangilia. Fundi aliketi juu ya tairi kuukuu, akaikumbatia fremu yake ya titani, na machozi yakamtoka bila aibu. Angeweza kuvunja kiapo, lakini mama yake alikuwa hai na alikuwa na simu.

Kivuli kilimwangukia. Kimya alikuwa amesimama mbele yake, helmeti kichwani kama kawaida, akiisukuma ile baiskeli ya chuma. Bila haraka aliipindua, magurudumu juu, akaiweka kando ya ile ya titani.

Fundi aliona kinga ya mnyororo iliyojaa makovu ya magogo. Ilikuwa ya plastiki ya kijani, na ukingoni ilikuwa na nusu duara jeusi. Akatazama ya kwake, akaitazama tena ile. Akazisogeza baiskeli, taratibu, mpaka kingo zikagusana na duara likatimia.

"Mnunuzi amepatikana," ilisema sauti ndani ya helmeti. "Ila kitasa sikihitaji. Kakirudishe chooni, mume wangu. Nimechoka kuimba."