Kibuyu cha Makabidhiano

Kilabu kile cha pombe kimepita kwa wenyewe wanne, na wote walikabidhiana kwa kibuyu kilekile. Anayeondoka anaonja kwanza, watu waone pombe ni salama, halafu anampa anayeingia. Bila hivyo hanywi mtu pale.

Leo anaingia Asegelile. Kauziwa kilabu na shemeji wa Mama Tulinagwe, mdogo wa marehemu, na mume wa mama wa watu hata arobaini yake bado.

Mama Tulinagwe akachota, akamnyooshea kibuyu moja kwa moja. Hakuonja.

"Mama, umesahau kuonja," Asegelile akasema, anachekacheka.

"Sijasahau, baba."

"Si ndiyo desturi yenu?"

"Anaonja aliyeuza. Mimi nimekuuzia?"

Mlevi mmoja kwenye benchi akadakia, "Tajiri, kunywa bwana, au tuhamie kilabu cha ng'ambo?"

Asegelile akakipokea. Povu likamwagikia kiatu chake kipya. Akamtazama mama, mama hata kope hapepesi. Watu wote wameshika vikombe vitupu, wanamwangalia koo. Akakiinua kibuyu mpaka kikamgusa mdomo, akabaki hivyohivyo.