Futari ya Kwanza ya Mwanakheri

Tangu maji yakatazwe majumbani, bomba langu linatoa sake, ile pombe ya mchele ya Kijapani. Maji yote yanakwenda kwenye mashamba ya mpunga wa kuitengenezea. Fundi aliyekuja kuunganisha alicheka aliponiona nimejishika mdomo.

"Usiogope, bi mkubwa. Hii nyepesi, ya wanaoanza. Hata kichwani haipandi."

Mimi mjane, nimezoea kuvumilia. Natayamamu kwa mchanga badala ya udhu, kiu naikata kwa machungwa. Lakini leo mjukuu wangu Mwanakheri, wa miaka tisa, alifunga kwa mara ya kwanza, na machungwa sokoni yamekwisha. Kutwa hakulalamika, midomo imempauka. Nilimuuliza shehe kama nimpe ya bombani, akanijibu kwa upole, "Hiyo ni dharura, mama. Mtoto asife kwa kiu."

Adhana ilipolia akala tende, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Nikammiminia.

"Tamu, Bibi! Kama uji wa wali kiporo!"

Kisha akasimama mkekani kando yangu ili tusali, akayumba, akacheka peke yake. Nikamshika bega.

"Kaa chini, mwanangu. Mwenye kilevi hasogelei sala. Subiri kikutoke."

"Kikinitoka si nitakuwa na kiu tena, Bibi? Utanipa nini?"

Nikaelekea kibla, nikaanza kusali. Nyuma yangu nikamsikia anaifuatisha Alhamdu, anakosea, anacheka, anaanza upya.