Upande wa Ndani

"Mlango huo niachie mimi," alisema Delbert, kama kila mwaka sisi mabaharia wazee tulipokuja kukwangua rangi ya manowari yetu, ambayo sasa ni makumbusho.

"Kaa chini, babu! Mkono unakutetemeka kama unacheza rumba." Nikaanza kukwangua upande wa ndani.

Vitani, maji yalipojaa chumba cha mitambo, yeye ndiye aliyeufunga mlango huo. Kaka yangu alibaki humo. "Kombora lilimuua papo hapo," Delbert aliniapia kwa miaka hamsini.

Rangi nene aliyoipaka Delbert kila mwaka ilibanduka gamba kwa gamba. Chini yake chuma kilikuwa na vibonyeo vingi, usawa wa kifua, vya mtu aliyegonga kwa spana.

Delbert aliinamisha kichwa.

"Aligonga kwa muda gani?" nikamuuliza.