Mtungi wa Kuazimana

Jengo zima lilikuwa na mtungi mmoja tu mzima wa kuzimia moto, nao ulikuwa wa Sikudhani, mkaanga samaki wa ghorofa ya juu. Mkaguzi wa zimamoto akija, mtungi unamtangulia kwa ngazi ya nyuma: ukishakaguliwa saluni kwa Chausiku, unakimbizwa kwa fundi cherehani, kisha unarudi kwa mwenyewe. Sikudhani hakuwahi kumnyima jirani. Hiyo ndiyo raha ya kuishi na watu, ati.

Leo mkaguzi alikuwa mpya, binti mwenye brashi na kopo la rangi.

"Shoga, tumekwisha!" Chausiku alipanda akihema, mikono mitupu. "Kauandika mtungi ubavuni, 'Saluni', herufi kubwa hizi! Fundi cherehani kakosa mtungi, duka lake keshalitia kufuli."

"Nirudishie mtungi wangu, Chausiku."

"Nikiurudisha nafungiwa mimi. Sema wako umeibiwa."

"Na mafuta yakishika moto, nizime kwa khanga?"

"Hodi!" Mkaguzi akaingia. Akatazama karai lililojaa samaki, halafu msumari mtupu ukutani. "Mama, mtungi wako uko wapi? Bila mtungi nalifunga jiko hili sasa hivi."

Mlangoni walishajazana majirani, wote waliowahi kuuazima. Watu wa maneno wale, lakini hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Chausiku. Akafungua kinywa, na nyuma yake mafuta yakaanza kufuka moshi.