Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Sikuwa na mke tena, sikuwa na viatu vya mpira, wala mtu wa kuniuliza nimeshindaje. Nilikuwa na daftari tu, nikaenda nalo kwenye banda la ng'ombe wa maziwa kujifunza kukamua.

Mkamuaji, mwanamke wa makamo, alinipisha kwenye kigoda chake. Nikakamua kama alivyonielekeza. Chuchu zilikuwa na joto, lakini halikutoka hata tone.

"Amekubania, baba," alisema. "Umenyamaza kama ukuta. Zungumza naye."

"Nizungumze nini na ng'ombe?"

"Chochote. Hata uongo, yeye hajali."

Nikaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Tumbo lake lilikuwa likinguruma. Nikashangaa kujisikia nikisema: "Mwanangu, siku ya harusi yako sikuwa mgonjwa. Nilikataa kuja kwa kiburi tu, na miaka tisa sasa naona haya kukwambia."

Maziwa yakaanza kugonga ndoo.

Mkamuaji aliinama akafunga kamba ya miguu ya ng'ombe ambayo tayari ilikuwa imefungwa. "Endelea, baba," alisema taratibu. "Ndoo haijajaa."

Nikaendelea mpaka vidole vikafa ganzi.

Jioni niliyaandika maneno yaleyale, bila kurekebisha hata moja. Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikaitumbukiza kwenye sanduku la barua.