Msomaji wa Majibu

Siku hizi majibu ya mimba hayana nguvu mpaka mzee wa nyumba ayasome kwa sauti. Picha ikionyesha mifupa iliyopinda, na kipimo cha vinasaba kikathibitisha, basi yakishasomwa mimba huondolewa ndani ya siku tatu. Nyumba isiyo na mtu wa kusoma huachwa mpaka mtoto azaliwe.

Mkwe wangu Tunosye alikuwa ameshanong'onezwa na mpiga picha wa zahanati. Asubuhi alinipigia magoti jikoni.

"Baba, mtoto ana mifupa ya kuvunjika, lakini anacheza humu tumboni. Waambie hujui kusoma."

Mimi, niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini, kwenye darasa la usiku, baada ya kupasua kokoto mchana kutwa! Hata hivyo nilimwahidi.

Afisa wa afya alifika saa nne, akanipa karatasi ya majibu mbele ya majirani.

"Mwanangu, sijui kusoma," nilisema.

Akacheka. "Nilijua tu. Wazee wa huku kalamu mnachokonolea masikio. Haya, weka dole gumba hapa."

Akafungua kidau cha wino. Majirani nao wakacheka.

Nikavaa miwani. Nilisoma yote kuanzia juu mpaka chini, hata majina marefu ya vinasaba, bila kukwama popote. Kicheko kikakatika.

"Hongera, mzee," afisa alisema, akagonga muhuri.

Nilipogeuka, Tunosye alikuwa ananitazama, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Umesoma vizuri, baba," alisema.